Barua ya wazi: Msiyagawe makasha ya wakutubi wanawake wa Kusini

Kwa: Wakurugenzi wa mikusanyo maalumu ya maktaba za vyuo vikuu, wakuu wa maktaba za umma na viongozi wa jumuiya za historia za kaunti, majimbo ya Kusini mwa Marekani.

YAH: KUTENGANISHA NYARAKA ZA VITA NA NYARAKA ZA MAKTABA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tunaoandika ni watunza nyaraka na wakutubi tunaozungumza Kiswahili, wengine tukiwa kazini huko huko Marekani na wengine Afrika Mashariki. Barua tumeiweka wazi kwa sababu uamuzi tunaoulalamikia hufanyika faraghani, siku kasha linapofunguliwa, na ukishafanyika haurudishiki.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanamke amefanya kazi ya ukutubi miaka thelathini au arobaini katika mji wa Georgia, Alabama, Tennessee au mojawapo ya Carolina mbili. Katikati ya kazi hiyo akajitolea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pengine kwenye magari ya kahawa na donati ya Msalaba Mwekundu kule Uingereza na Ufaransa, pengine kwenye maktaba ya kambi, pengine hapo hapo mjini kwake akikusanya vitabu vya wanajeshi. Anapofariki, wapwa zake wanawaletea makasha manne au sita. Ndani mna barua na picha za vita. Mna pia ripoti za mwezi, hotuba, programu za mikutano, madaftari ya kupokelea vitabu na orodha za rafu.

Upande wa vita unapokewa kwa mikono miwili. Unapewa jina la mkusanyo, unawekwa kwenye kabati la vioo kila Novemba, mwezi wa kuwakumbuka maveterani, unaskaniwa kwanza. Upande wa maktaba unapitiwa nusu siku, unaitwa “nakala zilizozidi”, kisha unarudishwa kwa familia au unaishia jalalani. Tunaomba zoea hilo likome. Nyaraka za mtu mmoja zikae pamoja, chini ya jina lake, katika mpangilio aliouacha yeye.

Nakala halisi ambayo mnadhani iko kwenye maktaba ya mji mara nyingi haipo. Maktaba za umma huhama majengo, huunganishwa, huingiwa na maji, na ripoti za mwezi ndizo za kwanza kutupwa. Kabla hamjaondoa hata karatasi moja, pigeni simu maktaba aliyofanyia kazi, muulize ripoti za miaka hiyo ziko rafu gani. Asipopatikana wa kuitaja rafu, iliyo mikononi mwenu ihesabuni kuwa ndiyo nakala pekee.

Tena nusu moja haisomeki bila nyingine. Chukueni Victory Book Campaign, kampeni ya vitabu vya wanajeshi ya mwaka 1942 na 1943. Wananchi walitoa vitabu zaidi ya milioni 18, na vilivyogawiwa ni takriban milioni 10. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna kazi ya mikono ya wakutubi: kutoa vitabu vya watoto, vitabu vya shule vilivyopitwa na wakati, vilivyochanika na vilivyoota ukungu. Kazi hiyo haimo kwenye barua ya kwenda kwa mama. Imo kwenye ripoti ya mwezi, penye idadi ya maboksi yaliyoingia na yaliyotoka. Na mkutubi huyo huyo anapovuka bahari na kuandika juu ya vitabu vidogo vya mfukoni wanavyosoma askari, yaani Armed Services Editions, ambavyo kati ya 1943 na 1947 vilitolewa takriban nakala milioni 122, maneno yake yana uzito kwa sababu tunajua alivyokuwa akichagua vitabu nyumbani. Kwa kizazi kilichotangulia, cha Vita Kuu ya Kwanza, ni vivyo hivyo: chama cha wakutubi wa Marekani kiliendesha huduma ya vita kuanzia 1917 hadi 1920, kikachangisha dola milioni 5 na kujenga maktaba 36 za kambi kwa fedha za shirika la hisani la Carnegie. Aliyehudumu huko alirudi mjini kwake na mazoea mapya ya kazi, na mazoea hayo yanaonekana kwenye ripoti alizoandika baadaye.

Kuna tofauti nyingine ambayo wanahistoria wa jeshi huisahau. Askari ana jalada lake la utumishi, au walau alikuwa nalo kabla ya moto wa ghala la majalada ya utumishi la St. Louis wa Julai 1973 ulioteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Mjitolea wa Msalaba Mwekundu hakuwa mwanajeshi, hivyo jalada la jeshi hakuwahi kuwa nalo. Aliyekunja bandeji au kupanga vitabu vya kambi jioni baada ya kazi hana hata orodha ya mahudhurio. Kwa mtu kama huyo, kasha la wapwa ndilo ushahidi mzima.

Sasa tuje kwenye mikono, maana hata pale mkusanyo unapobaki mzima, unaharibiwa mezani.

Bahasha ndizo zinazotuuma zaidi. Barua nyingi za vita hazina tarehe kamili. Mwandishi anaandika “Jumanne usiku” na mahali anaweka “mahali fulani Uingereza”, kwa kuwa wakaguzi wa jeshi walikataza kutaja mji. Tarehe iko kwenye muhuri wa posta. Mahali panafuatiliwa kwa namba ya APO, yaani posta ya jeshi, iliyoandikwa kwenye kona ya bahasha, na namba hiyo peke yake haitoshi kwa sababu posta hizo zilihama pamoja na vikosi. Inataka namba pamoja na tarehe, kisha orodha ya vituo ya mwezi huo. Anayetoa barua zote kwenye bahasha “ili zinyooke” na kuzirundika bahasha pembeni amefuta mwaka na mahali kwa dakika kumi. Anayekata stempu ampe mjukuu hutokomeza muhuri pamoja nayo.

Utaratibu ni mwepisi. Barua moja, bahasha moja, namba moja, iliyoandikwa kwa penseli laini nyuma ya vyote viwili kabla barua haijakunjuliwa. Barua ilale wazi, bahasha yake nyuma yake, ndani ya jalada moja lisilo na asidi. Zilizokutwa zimeshatengana zinaweza kurudishwa kwa wenzake: tazameni mikunjo. Karatasi iliyokunjwa mara mbili kwa mlalo inaingia bahasha ndefu, iliyokunjwa kwa mlalo na kwa wima inaingia bahasha ndogo ya mraba. Halafu linganisheni wino na alama ya maji ya karatasi. Pakibaki shaka, andikeni “huenda” ndani ya mabano, msilazimishe.

V-mail, yaani barua za vita zilizosafirishwa kwa filamu, inataka maelezo yake. Kuanzia Juni 1942 hadi Novemba 1945, barua iliyoandikwa kwenye fomu maalumu ilipigwa picha kwenye filamu ndogo, filamu ikasafirishwa, na upande wa pili ikachapwa kwenye karatasi ya picha iliyo ndogo kuliko fomu, kama sentimita 11 kwa 13. Barua 150,000 zilizohitaji magunia 37 ziliingia gunia moja, na uzito ukashuka kutoka ratili 2,575 hadi 45. Fomu ya awali iliharibiwa baada ya picha kufika. Kwa hiyo kile kikaratasi kilichojikunja ni picha, kihifadhiwe kama picha: jalada la karatasi isiyotiwa alkali, mbali na vipande vya gazeti, na kiskaniwe kwa doti 600 kwa inchi kwa sababu mwandiko umefinywa. Barua za kawaida doti 400 zinatosha. Jihadharini pia: baadhi ya fomu za V-mail zilipelekwa zenyewe bila kupigwa picha. Kubwa yenye wino halisi na ndogo ya picha ni vitu viwili tofauti, na katalogi iseme hivyo.

Karatasi nyembamba ya ndege, iliyoandikwa pande zote mbili, msiiskani juu ya kifuniko cheupe cha mashine. Maneno ya nyuma yanajitokeza na programu ya kusoma maandishi inavurugika. Wekeni karatasi nyeusi nyuma yake, tatizo linapungua papo hapo.

Klipu iliyoshika kutu haivutwi. Ikivutwa inaondoka na ngozi ya karatasi, mara nyingi pamoja na tarehe, kwa kuwa watu hubana klipu juu kushoto au juu kulia. Ingizeni ukanda wa plastiki safi ya poliesta kati ya klipu na karatasi upande wa mbele, mwingine upande wa nyuma. Bonyezeni kitanzi kirefu kwa kidole kibaki mezani, kisha inueni kitanzi kifupi kwa kijiko bapa cha maabara. Klipu inateleza juu ya plastiki. Mpira wa kufungia uliokauka hukwanguliwa taratibu. Uliolainika na kunata wekeni pembeni kwa mtaalamu wa ukarabati, msiupake chochote. Vipande vya gazeti vitengwe siku ya kwanza, maana asidi yake huacha kivuli cha kahawia juu ya barua jirani. Toeni nakala kwenye karatasi ya kudumu, muiweke palepale kilipokuwa kipande.

Albamu mnazoletewa nyingi si za vita. Ni zile za kunata za miaka ya 1970, ambazo ndugu walihamishia picha za zamani kwa nia njema. Kabla ya kubandua, pigeni picha ukurasa mzima pamoja na maandishi ya pembeni, kisha pitisheni uzi wa meno usio na nta kati ya picha na gundi kama anayekata mkate. Isipotoka, iacheni ukurasani na muukate ukurasa kuizunguka.

Negativu nazo mziinuse. Harufu ya siki ni ya asetati, aina ya plastiki ya filamu, inayooza. Itengeni na ipelekeni kwenye baridi. Ukingoni ikiandikwa “Nitrate”, au ikiwa haina alama na imeanza kunata na kugeuka rangi ya kaharabu, ichukulieni kuwa nitrati, aina ya zamani ya plastiki ya filamu inayoshika moto kwa urahisi. Msidhani kila filamu ya miaka ya 1940 ni salama: baadhi ya filamu za kuviringisha za kamera za kawaida ziliendelea kutengenezwa kwa nitrati hadi 1950. Zisifungiwe ndani ya plastiki, zisikae chumba kimoja na mkusanyo, na mkuu wa zimamoto wa chuo ajulishwe.

Kuhusu hali ya hewa ya Kusini mnajua kuliko sisi. Unyevu ukidumu juu ya asilimia 65, ukungu unaota. Kasha lililotoka darini au gereji likae chumba cha pekee kwanza, lisipelekwe moja kwa moja kwenye rafu. Penye dalili ya wadudu, lifungeni ndani ya plastiki nzito isiyopitisha hewa na mligandishe kwa nyuzi joto 20 chini ya sifuri wiki nzima, kisha liacheni lirudie joto la chumba kwa saa 24 kabla ya kufungua plastiki, la sivyo umande unaingia kwenye karatasi. Negativu, picha na vioo vitolewe kwanza.

Tunafika kwenye sehemu ambayo tunahisi ndiyo huwafanya baadhi yenu waone afadhali ripoti za maktaba ziondoke.

Maktaba za umma za Kusini zilikuwa za Wazungu. Ile ya Carnegie mjini Atlanta ilifunguliwa mwaka 1902, na W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi, akaenda na wenzake kuuliza kwa nini Weusi wamefungiwa nje. Tawi la Weusi pale Auburn Avenue lilifunguliwa 1921. Maktaba kuu haikufungua milango kwa wote hadi 1959. Alexandria, Virginia, tarehe 21 Agosti 1939, vijana watano Weusi waliomba kadi, wakanyimwa, wakachukua vitabu na kuketi kusoma, wakakamatwa. Nyuma ya kaunta za namna hiyo walikaa wanawake hawa hawa ambao barua zao za vita mnaziweka kabatini. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa sana: McMillan Memorial Library ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika alisubiri hadi miaka ya mwisho ya ukoloni.

Ripoti za mwezi zinaonyesha mfumo huo kwa tarakimu. Kati ya 1929 na 1935 mfuko wa hisani wa Rosenwald uligharimia maktaba za kaunti 11 katika majimbo saba ya Kusini, kwa sharti kwamba Weupe na Weusi wote wahudumiwe. Ripoti za aina hiyo hutenganisha vitabu vilivyoazimwa kwa rangi ya msomaji, na hapo unaona sharti lilitimizwa kwa kiasi gani, mji kwa mji. Barua za vita nazo zina upande wao: vilabu vya Msalaba Mwekundu vya askari Weusi vilikuwa mbali na vya Weupe, na hata damu iliyochangwa ilitenganishwa kwa rangi ya mtoaji hadi 1950. Mtu aliyekulia ndani ya utaratibu ule aliuona ukisafirishwa ng’ambo. Akiandika juu yake au akinyamaza, mtafiti anahitaji nusu zote mbili ili ajue.

Kwa hiyo kwenye mwongozo wa mkusanyo, jina la jalada aliloandika mwenyewe libaki kama lilivyo, hata likiwa na neno la matusi ya enzi zile, ndani ya alama za nukuu. Chini yake mtunza nyaraka aeleze kwa maneno yake ni nini, ni tawi gani, lilihudumia nani. Msilifiche jalada chini ya neno “mengineyo”. Katika kazi hii neno hilo ni kaburi.

Na jina la mwenyewe je? Tumeona mikusanyo iliyoandikwa kwa jina la mume, na “Mrs.” mbele, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye bahasha. Kichwa cha mkusanyo kiwe jina lake alilopewa na jina la ukoo alilofanyia kazi. Majina mengine yote, la ndoa, la utani, la mume, yaingizwe kama viingilio vya kumrejea. Msipofanya hivyo, barua zitakaa chini ya mke wa fulani na ripoti chini ya binti fulani, na hakuna kompyuta itakayowakutanisha. Kama anafaa kuingia katika mkusanyo mkubwa wa mada, kama ule wa Greensboro, North Carolina, ulioanza 1998 kukusanya habari za wanawake waliohudumu jeshini na katika huduma zilizoambatana nalo, mwekeeni kiungo. Nyaraka zenyewe zisikatwe.

Haki na siri tutazipitia kwa ufupi. Familia hukabidhi karatasi, na hukabidhi hakimiliki ya alichoandika marehemu tu, tena ikiwa wao ndio warithi. Barua alizoandikiwa na askari ni mali yake kama karatasi, lakini maneno ni ya askari na warithi wake. Sheria ya Marekani inalinda maandishi yasiyochapishwa kwa uhai wa mwandishi na miaka 70 baada ya kifo. Aliyefariki 1990, barua zake zinalindwa hadi mwisho wa 2060. Tarehe ya kifo isipojulikana, hesabuni miaka 120 tangu kuandikwa. Hati ya kukabidhi iliyoandikwa “haki zote” haiwapi kisichokuwa cha mtoaji. Daftari la waazimaji lenye majina na vitabu walivyosoma lisipandishwe mtandaoni bila kushauriana na mwanasheria wa chuo, kwani karibu kila jimbo linalinda kumbukumbu za wasomaji. Hata hivyo kulifungia kwa muda maalumu si kulitupa. Namba za hifadhi ya jamii kwenye karatasi za pensheni zifunikwe kwenye nakala, karatasi yenyewe isichorwe.

Tunajua mtatujibu kwa habari ya saa na fedha. Mwaka 2005 watunza nyaraka wa Marekani Mark Greene na Dennis Meissner walipendekeza saa nne kwa kila futi moja ya ujazo, yaani takriban kasha moja, kwa mikusanyo ya karne ya 20, na wengi wenu mnapanga bajeti kwa kipimo hicho. Kwa ripoti na hotuba kinatosha, tena kinabaki na ziada: majalada yake yana mpangilio na anwani tayari, kwa kuwa aliyeyapanga alikuwa mkutubi. Kwa kasha la barua zenye bahasha, V-mail na picha hakitoshi; sisi tunakadiria siku mbili hadi tatu za mtu mmoja aliyefunzwa. Mkusanyo wa makasha sita, mawili ya barua na manne ya maktaba, utachukua kama wiki moja na nusu. Tofauti kati ya kuweka yale manne na kuyatupa ni siku mbili za mshahara na chini ya nusu mita ya mraba ya sakafu kwenye ghala.

Siku hizo mbili zilipwe, maana tunaona kazi hii ikikabidhiwa wanafunzi wa mazoezi wasiolipwa na wastaafu wa kujitolea, bila msimamizi, wakiwa na mkasi na mashine ya kuondolea pini.

Tunaomba mambo mawili kwa maandishi. Sera zenu za upokeaji ziseme kwamba hakuna sehemu ya nyaraka binafsi za mkutubi itakayoondolewa kabla ya kuorodheshwa, na kwamba kinachoondolewa kitatajwa kwenye mwongozo kwa aina, miaka na ujazo. Pili, makasha yaliyokwisha kutenganishwa, na mnayajua, yatafutwe: angalieni daftari la kurudishia wafadhili la miaka kumi iliyopita, andikieni familia, waulizeni kama ripoti bado ziko gerejini. Nyingine zitakuwepo. Katika barua hiyo waulizeni pia kama kuna aliyekata stempu.

Wenu katika kazi,

Watunza nyaraka na wakutubi wa Kiswahili